Mpiga Gitaa Naye ni Mfanya Kazi

(Hii ni hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Kisumu katika mkutano wa elimu ya wafanya kazi. Wanachama wengi waliomba ipigwe chapa, nasi tunaitoa hapa pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.)



Nimeombwa niseme juu ya wasanii wa huku kwetu, Kisumu na ukingo huu wa Ziwa Victoria, toka Usenge mpaka Mbita na visiwani: wanapata wapi kazi, wanajifunza wapi, na kwa nini wengi wao huzeeka maskini. Najua wako wanachama walionung'unika walipoona tangazo la mkutano huu. Mmoja aliniuliza pale kituo cha basi, "Ndugu, chama cha wafanya kazi na nyatiti vina uhusiano gani?" Swali lake ni la haki, na nitamjibu yeye kwanza.

Mfanya kazi ni nani? Ni mtu anayeuza nguvu zake na ujuzi wake ili apate kula. Basi mtu anayesimama jukwaani toka saa mbili za usiku mpaka saa kumi za alfajiri, amening'iniza gitaa la besi shingoni, na mwenye baa anauza bia kwa sababu yake, huyu anauza nini kama si nguvu na ujuzi? Mama anayekata mafunjo ndani ya maji pale Dunga, akayaanika, akayasuka kuwa mkeka na kikapu, anauza nini? Fundi anayeandika jina la mtumbwi na kuuremba ubavuni kabla haujashushwa majini, anauza nini? Tena si watu wa mbali. Humu ndani namwona ndugu ambaye mchana yuko kwenye mizani ya miwa, na Jumamosi yuko kwenye ngoma za ohangla. Akiumia kiwandani twajua la kufanya. Akinyimwa malipo yake ya Jumamosi twamwambia pole.

Waswahili walisema, mcheza kwao hutunzwa. Nataka leo tuiweke methali hii juu ya mizani, kama tunavyopima mzigo bandarini, tuone kama uzito ulioandikwa ndio uliomo.

Ukingo huu haukuwa maskini wa sanaa hata siku moja. Mmemwona mpiga nyatiti: ameketi kwenye kigoda, chombo cha nyuzi nane mbele yake, pete ya chuma katika kidole cha mguu akigonga nayo ubao, njuga zikilia mguuni, naye huku anaimba. Mtu mmoja ni bendi nzima. Magitaa yalipofika, vidole vile vile vilihamia kwenye magitaa, na wajuzi wengi wa muziki wanasema ndiko ulikotoka mwendo wa benga. Daniel Owino Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanganyika, mwaka 1940, akavuka mpaka akajenga jina lake huku Kenya na bendi ya Shirati Jazz, mpaka alipofariki kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu mwaka 2006. Collela Mazee na Ochieng Nelly walivuma na Victoria Kings. Gabriel Omolo aliimba "Lunch Time" mwanzoni mwa miaka ya 1970, wimbo wa Kiswahili juu ya saa ya chakula cha mchana ya watu wa kazi mjini. Kama kuna wimbo unaostahili kupigwa katika ofisi zetu za chama, ni huo.

Wala haikuwa lazima kwenda mbali kurekodi. Kericho hapo juu palikuwa na duka na studio ya A. P. Chandarana, na wapiga benga wengi walipanda milima ya chai na magitaa yao kwenda kurekodi huko. Sahani zikatoka, zikauzwa, zikasafiri mpaka kusini mwa Afrika. Na hapa nataka mnisikilize vizuri. Kule Zimbabwe watu waliupenda muziki huu hata wakaupa jina, wakauita "kanindo". Je, Kanindo alikuwa mpiga gitaa gani? Hakuwa mpiga gitaa. Phares Oluoch Kanindo alikuwa mtayarishaji na mwuzaji wa sahani, na jina lake ndilo lililochapwa kwenye lebo. Mimi simlaumu hata kidogo. Mtu aliyeufikisha muziki wa Nyanza kule alifanya kazi kubwa, na pasipo yeye huenda usingefika. Nasema tu kwamba jina lililokuwa kwenye karatasi ndilo lililosafiri. Majina ya vidole yalibaki nyumbani.

Siku zile za sahani, na baadaye siku za kanda, mwanamuziki alikuwa na njia mbili za kulipwa. Ya kwanza ni fedha taslimu siku ya kurekodi: watu wanagawana, wanapanda basi, kwaheri. Ya pili ni mrabaha, yaani sehemu ndogo ya kila sahani inayouzwa. Aliyeacha watoto nyumbani bila unga alichagua ya kwanza, na nani atamcheka? Lakini alikuwa ameuza ng'ombe kwa bei ya maziwa ya siku moja.

Kama mwadhani natia chumvi, tazameni wimbo mmoja tu, "Kothbiro", maana yake mvua inakuja. Ulirekodiwa na kikundi cha Black Savage katika miaka ya 1970. Ayub Ogada, aliyekuwa mmoja wa kikundi hicho, akauimba tena kwa nyatiti katika rekodi yake iliyotolewa Uingereza na kampuni ya Real World mwaka 1993. Mwaka 2005 ukatumiwa katika filamu ya The Constant Gardener, iliyoonyeshwa dunia nzima. Mwaka 2018 Mwamerika Kanye West akachukua kipande cha ile rekodi ya zamani ya Black Savage akakitia katika wimbo wake "Yikes". Ogada alifariki mwaka 2019 huko Nyahera, hapa karibu. Hesabuni wenyewe: wimbo ulifanya kazi ukiwa kijana, ukaitwa kazini tena baada ya miaka karibu 30, ukaitwa tena baada ya miaka 40. Mtu hawezi kufanya hivyo. Kuli akifika miaka 60 mgongo umekwisha. Lakini wimbo, picha na hadithi haziumwi mgongo, na kwa hiyo karatasi inayosema ni mali ya nani ni kitu kikubwa kuliko malipo ya siku ile.

Sheria inasemaje? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, pamoja na marekebisho yake, inasema kwamba haki ya wimbo ni ya aliyeutunga maisha yake yote, na baada ya kufa kwake ni ya warithi wake kwa miaka 50 zaidi. Inasema kwamba haki hiyo haiwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine kwa maneno ya mdomo. Lazima iandikwe na mwenyewe atie sahihi. Hayo ni mazuri. Lakini imo ibara moja ambayo kila fundi wa rangi na kila mpiga picha yapasa aijue kama ajuavyo jina la mkewe. Kazi ikiwa imeagizwa na mtu, au imefanywa na mwajiriwa katika ajira yake, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imekwenda kwa yule aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa kama wawili hao wamepatana vingine.

Nawapa mfano. Fundi mmoja wa Kondele, ambaye jina lake nalihifadhi kwa kuwa hakunituma, aliitwa na mwenye biashara achore ukutani mwanamke akiuza samaki. Akachora, akalipwa malipo ya ukuta, wakaagana vizuri. Mwaka uliofuata akaona picha ile ile kwenye fulana na mifuko ya kubebea. Akaja ofisini amefura. Yule mwenye biashara akajibu kwa upole kabisa, "Niliagiza, nililipa, ni yangu." Na kwa sheria alikuwa na la kusema. Yote hayo yangezuiwa na mstari mmoja wa kalamu nyuma ya risiti: picha hii ni ya ukuta huu tu, matumizi mengine yatapatanwa upya. Mstari mmoja, ndugu zangu! Chama kinaweza kupiga chapa mstari huo mara elfu kwenye vitabu vya risiti na kuwagawia mafundi wote wa Kondele, Manyatta na Nyalenda kwa gharama ndogo kuliko soda za mkutano huu.

Sasa nije kwenye malipo ya usiku. Tusiseme kwa hisia, tuseme kwa hesabu. Tuseme bendi ya watu 8 imeahidiwa shilingi 24,000 kupiga usiku mmoja. Kukodi spika na vyombo, shilingi 8,000. Gari la kwenda na kurudi, 4,000. Chakula na maji, 2,000. Zimebaki 10,000, kila mtu 1,250. Wameanza kupakia vyombo saa kumi za jioni, wamefika nyumbani saa kumi na mbili za asubuhi. Hizo ni saa 14. Gawanyeni: haifiki shilingi 90 kwa saa, tena kwa fundi aliyejifunza kazi yake miaka kumi. Na hiyo ni siku njema, mwenye baa amelipa zote. Siku mbaya anasema, "Watu hawakuja wengi, chukueni nusu, zingine wiki ijayo." Nusu ni 12,000, na gharama zilikuwa 14,000. Maana yake bendi imetoa mfukoni shilingi 2,000 ili imsaidie mwenye baa kuuza bia zake. Hakuna kibarua wa bandarini ambaye angekubali kumlipa mwenye meli ili apate kubeba magunia.

Dawa ya jambo hili si matusi wala si kupigana alfajiri watu wamelewa. Dawa ni arbuni. Nusu ya malipo itolewe kabla vyombo havijapandishwa garini, na nusu iliyobaki itolewe kabla ya kipindi cha mwisho cha muziki, wakati ambapo wateja bado wamo na mwenye baa bado anaihitaji bendi. Karatasi ya ukurasa mmoja iseme saa ya kuanza na saa ya kumaliza, mapumziko, nani analeta jenereta, nani analipa gari, na mvua ikinyesha itakuwaje. Iseme pia kama mwenye nyumba ana ruhusa ya kupiga filamu bendi na kuionyesha kwenye mtandao, maana siku hizi simu moja inafanya kazi ya studio, na sheria inampa mpigaji haki ya kuombwa ruhusa kwanza. Na bendi inayopiga katika hoteli moja kila wiki, mwaka nenda mwaka rudi, ina haki ya kuuliza kama wao ni wageni au ni waajiriwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi wa siku zinazojumlika kufika miezi mitatu uandikwe. Swali la nani ni mwajiriwa na nani ni mwenye kazi yake huamuliwa kwa kutazama namna kazi inavyofanywa. Lakini asiyeuliza hatajibiwa.

Mtasema, haya mambo ya chama na muziki hayajapata kuonekana. Yameonekana, ndugu zangu, tena jirani. Mwaka 1964, kule Tanganyika iliyokuwa ikigeuka kuwa Tanzania, chama cha taifa cha wafanya kazi, NUTA, kiliunda bendi yake. NUTA Jazz. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa chama, wenye mshahara wa mwezi kama karani au dereva. Marehemu Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba humo miaka mingi. Hebu fikirini maana yake: mwimbaji anajua tarehe ya mshahara! Anaweza kupanga nyumba, anaweza kumlipia mtoto karo, anaweza kuugua bila kupitisha kofia. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA bendi ikawa JUWATA Jazz, kilipobadilika tena ikawa OTTU Jazz, na mwishowe ikasimama kwa miguu yake kama Msondo Ngoma. Vyeo vya vyama vilikufa, bendi ikabaki.

Sitaki kuwauzia asali tupu. Vyombo vya bendi kama zile vilikuwa mali ya shirika, kwa hiyo mpigaji aliyetoka alitoka na mikono mitupu, na bendi nzima ilikuwa chini ya meza ya mkubwa fulani. Bendi zilinyang'anyana wapigaji kama timu za mpira. Mimi nisingependa chama chetu kimiliki bendi. Hatuna fedha hizo, na viongozi wangeanza kuchagua nyimbo. Ninalolitaka kutoka kwa watu wa NUTA ni ile fikira yao ya kwanza, kwamba muziki ni ajira na ajira ina siku ya malipo.

Na mbali zaidi: Uingereza wanamuziki waliunda chama chao Manchester mwaka 1893, wakati huko Kisumu reli ilikuwa bado haijafika (ilifika Desemba 1901). Marekani walifuata mwaka 1896. Chama hicho cha Marekani, mwezi wa Agosti 1942, kilikataza wanachama wake wote kurekodi sahani. Sababu yao mtaielewa upesi: sahani zilipigwa redioni na katika mabaa, na wapigaji waliozirekodi ndio waliokuwa wakifukuzwa kazi kwa ajili ya sahani zao wenyewe. Wakakaa bila kurekodi zaidi ya miaka miwili mpaka makampuni makubwa yakakubali, Novemba 1944, kutoa malipo kwa kila sahani yaingie katika mfuko wa chama, na mfuko huo ukawalipa wanamuziki kupiga bure mbele ya watu, katika bustani na hospitali. Sisemi tugome kesho. Nasema kuwa watu hao hawakuwa na nguvu mmoja mmoja. Mpiga tarumbeta mmoja akigoma, kampuni inaita mwingine kabla ya chai ya saa nne.

Nije kwenye kujifunza, maana hapa ndipo vijana wanaponijia kila siku. Mashindano ya muziki ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, yanawaimbisha na kuwachezesha watoto wetu kila mwaka, na shule za Nyanza hurudi na vikombe. Mtoto anatunzwa, anapanda basi, anapigiwa makofi. Anamaliza shule, na siku hiyo hiyo jukwaa linakunjwa. Kati ya kikombe cha shule na kazi ya kweli kuna pengo kubwa kuliko lile la mtumbwi na gati. Chuo Kikuu cha Maseno kinafundisha muziki na maigizo, na ni jambo la heshima, lakini si kila mpiga orutu ana cheti cha kuingilia Chuo Kikuu. Kituo cha Kikatoliki cha Pandpieri huko Nyalenda, ambacho mwanzilishi wake alikuwa Padri Hans Burgman, Mholanzi wa shirika la Mill Hill, kimewafundisha vijana wa mitaani kuchora, na wengine wanakula kwa brashi mpaka leo. Zaidi ya hapo, shule yetu kubwa ni ile ya zamani: kukaa karibu na fundi. Mwanagenzi anabeba vyombo mwaka wa kwanza, anafunga nyuzi mwaka wa pili, anaruhusiwa kupiga usiku wa manane watu wakichoka. Ni shule nzuri. Ila fundi hamfundishi kijana kile ambacho yeye mwenyewe hakufundishwa, yaani kusoma mkataba, kuweka daftari la mapato na matumizi, kuandikisha wimbo katika Bodi ya Hakimiliki, na kutengeneza amplifaya inapoungua. Hayo chama kinaweza kuyafundisha jioni mbili kwa wiki. Tuna vyumba, tuna makarani wa hesabu, tuna mafundi wa umeme wa reli na wa mji. Mnaonaje, fundi umeme afundishe wanamuziki waya, nao wanamuziki wamfundishe mwanawe gitaa?

Juu ya mirabaha yenyewe nitapita haraka. Redio, mahoteli, matatu na mabaa yanapopiga muziki hadharani yanapaswa kulipa, na mashirika ya kukusanya malipo hayo hupewa leseni na Bodi. Leseni hizo zimebishaniwa sana, hata mahakamani, na shirika lenye leseni mwaka mmoja laweza kukosa mwaka ufuatao. Kwa hiyo kabla hujajaza fomu au kumpa mtu ada, iulize Bodi: nani ana leseni mwaka huu? Na juu ya nyimbo zinazolia katika simu mtu anapopigiwa, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka kwamba mwenye wimbo asipate chini ya asilimia 52 ya mapato. Ukilipwa pungufu ya hapo, unayo haki ya kuuliza kwa nini.

Mama zetu wa mafunjo na wa gugu maji, sikuwasahau. Gugu lile liliposhika ziwa katika miaka ya 1990, wavuvi walilia, mitumbwi ikakwama, na ziwa halijapona kabisa mpaka leo. Wanawake wa huku wakalikausha wakalifanya vikapu, viti, kadi na karatasi. Huo ndio ujuzi. Lakini nilipokaa nao nikaona bei zao zina kasoro moja: mama anahesabu nauli, anahesabu rangi na gundi, halafu siku zake mwenyewe hazihesabu. Kikapu kimemchukua siku mbili, naye anakiuza kana kwamba siku hizo alikuwa amelala. Mnunuzi kutoka Nairobi analijua jambo hili vizuri kuliko yeye, na ndiyo sababu anakuja mwenyewe kwa gari mpaka ufukweni. Mama, andika siku zako kwanza. Kisha kaeni kikundi kimoja, mjiandikishe, maana asilimia 30 ya zabuni za Serikali zimetengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na ofisi za Serikali hununua viti na mapambo kama watu wengine.

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limeipa kaunti kazi ya mambo ya utamaduni na burudani za umma. Hiyo ni kazi yao kisheria, kama kuzoa taka. Mwezi wa Mei 2022 Kisumu ilipokea mkutano wa Africities, wageni wakaja kutoka pande zote za Afrika. Mkutano wa namna ile ni soko: mifuko ya wageni, mabango, bendi za jioni, picha za kuta za hoteli. Ukija mwingine, tusingoje mpaka zabuni zimekwisha gawanywa ndipo tulie. Tunalo jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1980, tunao ukumbi wenye jina la Mama Grace Onyango, aliyekuwa meya wa mji huu na mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kenya mwaka 1969. Kule Mfangano kuna michoro ya kale kwenye miamba ya Kwitone na Mawanga, na watu wa kisiwa wamejifanyia makumbusho yao wenyewe, ya Abasuba. Msafiri akishuka pale kwenye boti anataka kiongozi, anataka kinanda, anataka kitu cha kubeba. Kila moja ya hizo ni ajira ya mtu wa kisiwani.

Sasa nasema na ninyi viongozi, na sitazunguka. Tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Wafanya Kazi, bendi huitwa ipige watu wakipanga mistari. Nimeona katika mji huu, mwaka zaidi ya mmoja, wapigaji wakipewa soda na sahani ya wali na kuambiwa "hii ni ya umoja." Siku ya kuadhimisha mshahara wa haki! Naomba mkutano huu upitishe azimio kwamba hakuna msanii atakayepiga, kuchora au kuigiza katika shughuli ya tawi hili bila karatasi na arbuni, na kwamba barua ipelekwe kwa matawi ya vyama vingine vya Kisumu ili nao wafanye hivyo hivyo. Tukilifanya hilo, ndipo tutakuwa na uso wa kwenda kwa mwenye baa.

(Azimio liliungwa mkono na kupitishwa kwa kura za mikono.)

Swali, kutoka kwa ndugu wa Muhoroni: Je, bendi ikidai karatasi, mwenye baa si ataita bendi nyingine isiyodai?

Jibu: Ataita. Ndiyo maana daftari la bendi limefunguliwa ofisini tangu leo, na kazi ya kwanza ni kupatana bei ya chini ambayo bendi iliyo ndani ya daftari haitapiga chini yake. Bendi nne zimekwisha jiandikisha hapa hapa. Zikiwa nne atapata ya tano. Zikiwa nyingi kuliko hizo atasoma karatasi.

Swali, kutoka kwa mama wa Dunga: Sisi hatujui kusoma mikataba. Tukiletewa tufanye nini?

Jibu: Usitie sahihi siku ile ile, mama. Mwambie mgeni kwamba karatasi italala kwako usiku mmoja, kisha uilete ofisini. Mnunuzi wa kweli atangoja mpaka kesho. Karani yupo kila Jumanne na Alhamisi toka saa nane za mchana mpaka saa kumi na moja, naye atakusomea kwa Kiswahili au kwa Kijaluo bila malipo. Wapiga muziki na mafundi wa rangi nao waje siku hizo hizo, na yeyote mwenye mkataba wa zamani wa kurekodi, hata kama umeliwa na mchwa pembeni, aulete vile vile ulivyo.